Simu Yangu, Mama Mkwe na Bwana Naam

Jumapili, 3 Machi

Mke wangu na watoto wametoka. Nyumba kimya, akili inafanya kazi. Siku ya mipango.

Hali ni hii. Msimamizi wa ghala letu la magodoro amestaafu. Kiti kiko wazi, na kwa haki kiti ni changu. Niko kwenye ghala lile tangu godoro la inchi nne linaitwa godoro nene. Lakini Meneja hataki barua wala usaili. Ijumaa alitukusanya mlangoni akatangaza kwamba wiki hii atatupigia simu makarani wawili, mimi na Bwana Naam, saa yoyote itakayompendeza, na mwenye kupokea upesi ndiye mtu wa ghala, maana lori likifika halingoji mtu amalize chai yake. Nani aliwahi kusikia usaili wa namna hiyo? Lakini sawa. Niko tayari.

Naam si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu ya namna anavyopokea simu: "Naam, nakusikiliza." Kila simu. Hata ya mtu aliyekosea namba. Hatusemeshani tangu siku aliyogeuza feni ya ofisi itazame ukuta, eti inapeperusha karatasi zake za kutolea mizigo. Karatasi zimepata haki zao. Mimi nimebaki na joto.

Kikwazo ni mama mkwe. Hunipigia kila siku mchana, na akishapiga hakati. Huanza na goti la kulia, akahamia la kushoto, akamalizia na mume wa shemeji yangu, ambaye amepanda cheo tena. Halafu huniuliza mimi changu lini. Sasa Meneja akipiga wakati huo? Laini ina shughuli! Cheo kimekwenda kwa ajili ya goti!

Mpango wangu: ndani ya mipangilio ya simu kuna mahali pa kuhamisha simu zinazoingia, ziende namba nyingine. Nilifungua kwanza jina la mama mkwe, ili simu ijue tunamzungumzia nani. Kisha nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika namba ya Bwana Naam. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Yaani simu, niliyoinunua mwenyewe, inaniuliza mimi uhakika! Nikabonyeza ndiyo, kwa nguvu.

Tazama sasa uzuri wake. Mama mkwe akinipigia, anaangukia kwa Naam. Naam, kwa adabu zake zile, hatathubutu kumkatia mama mtu mzima. Meneja akimpigia Naam, anamkuta na shughuli za magoti. Akinipigia mimi, niko wazi. Wengine tumezaliwa na vichwa.

Jumatatu, 4 Machi

Mpango unafanya kazi! Mchana mzima simu yangu haikuita hata kidogo. Nimekula chakula changu chote kikiwa cha moto, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Naam je? Naam alikuwa amesimama kati ya magodoro ya inchi sita na ya inchi nane, simu sikioni, anaitikia kwa kichwa. Chakula chake kinapoa kwenye meza. Nikamsikia anauliza kama ni goti la kulia au la kushoto. Ilibidi nijifiche nyuma ya rundo la mito nicheke.

Alasiri akanifuata. Akaniita kaka, akasema ana neno kuhusu simu yangu. Mtu aliyenigeuzia feni, leo ana neno! Kwa kuwa hatusemeshani, niliyaambia magodoro, kwa sauti ya kutosha, kwamba mimi sina neno na mtu, na mwenye neno akaiambie feni. Akaenda zake. Kumbe anaumia, nikajua.

Doa moja tu. Meneja hajapiga. Na jioni mke wangu alinipokea na uso uliokunjwa. Alinipigia nipitie sabuni na mkate, akapokea mwanamume mwingine, mwenye adabu sana, akakata kwa woga. Nikamwambia amekosea namba. Akasema namba yangu hakuiandika kwa kidole, ameligusa jina langu. Nikamwambia basi ameligusa vibaya. Tunalala bila mkate.

Jumanne, 5 Machi

Kimya. Simu nimeiweka mezani, nikaiweka mfukoni, nikaingia nayo msalani. Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hawakusema mshindo wenyewe unakuja lini.

Wapakiaji wanaitwa na wake zao. Mlinzi anaitwa. Mama anayetuuzia chai simu yake ina ufa kama kioo kilichopigwa jiwe, lakini inaita! Yangu, nzima, yenye kava la ngozi, imenyamaza.

Nimegundua: simu imeharibika. Katika wiki hii moja kati ya wiki zote! Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipandisha sauti mpaka mwisho, nikaiwekea mtetemo, nikaiwekea na taa ya kumulika. Jioni nikaijaribu mlio. Mtoto mdogo aliamka, jirani akagonga ukuta, simu ikatetemeka yenyewe mpaka ikaanguka kutoka mezani. Mlio upo. Basi kwa nini haiiti?

Mke wangu akauliza nimegusa nini kwenye mipangilio. Nimekasirika. Kila kitu kikiharibika nyumba hii, mimi ndiye niliyegusa! Nikamwambia sijagusa chochote. Na ni kweli. Ile ya mama yake si kugusa. Ile ni kupanga.

Naam kanijia tena leo, na tena na lile neno lake. Akasema ni muhimu. Nikayauliza magodoro kama yana muhimu yoyote. Hayakuwa nayo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, nikaenda kwa fundi simu wa pale kona. Wanamwita Daktari. Kibanda chake kina kabati la kioo lililojaa simu zilizofunguliwa matumbo, na yeye mwenyewe huvaa lenzi jicho moja, ili mteja aone kwamba mambo ni mazito.

Akauliza nimebadilisha nini kwenye mipangilio. Huyu naye! Wamekula njama na mke wangu? Nikamjibu hakuna. Akaipuliza tundu la chaji, akaisugua kwa mswaki, akabadilisha spika. Akaijaribu mlio, ikalia. Akasema nzima, mzee wangu. Nikamwambia simu nzima huita. Akakuna kichwa, akasema limebaki jambo moja, kufuta kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani, lakini picha na majina yote vitakwenda. Nikamwambia futa! Cheo kina thamani kuliko picha.

Akafuta. Picha za watoto, zimekwenda. Video ya harusi ya shemeji, imekwenda, na hilo halikuniuma sana. Akaiwasha, ikanikaribisha kama mgeni, ikanitaka nichague lugha. Nikairudishia sauti ya mwisho, mtetemo na taa, nikakaa pale kibandani mpaka jua likazama, naitazama. Haikuita. Daktari akasema pengine leo hakuna mtu mwenye haja na mimi. Maneno gani hayo ya kumwambia mteja!

Nyumbani nikakuta mke wangu anatabasamu, jambo lililonitia wasiwasi. Akasema mama yake amefurahi mno. Anasema siku hizi mkwe wake amepata karani wa kumpokelea simu, mtoto wa watu, msikivu, amemsikiliza hadithi ya goti yote mpaka mwisho na kumwuliza maswali. Nikamwambia mama anazeeka. Lakini baadaye, nilipokuwa nanawa miguu, nikalifikiri. Karani! Hata mama mkwe ameshaona kwa macho ya moyo kwamba mimi ni wa kuwa na karani. Hiyo ni dalili.

Alhamisi, 7 Machi

WIZI!

Lazima niandike.

Asubuhi nilipita kwa kinyozi jirani yetu, nikamwomba simu yake nijipigie mwenyewe, nione. Nikaiweka yangu pale mezani kati ya makasha ya nyembe. Nikabonyeza. Kwenye sikio langu inaita. Mezani, kimya. Kinyozi na mteja wake mwenye nusu kichwa wakasogea kutazama. Mara ikapokelewa. Na nikasikia, kwa masikio yangu haya:

"Naam, nakusikiliza."

Nikakata. Nikakaa kwenye kiti cha kunyolea bila kutaka kunyolewa.

Sasa yote yamekuwa wazi. Naam ameiteka laini yangu! Sijui kwa ujanja gani, kwa mashine gani, lakini ameiteka, ili Meneja akinipigia apokee yeye. Mwanamume wa adabu! Naam, kaka! Kikulacho ki nguoni mwako. Na ndiyo maana alikuwa ananifuatafuata na neno lake, alitaka kuona kama nimeshtuka. Kinyozi aliuliza kama huenda kuna kitu nimekibonyeza. Nikamwambia anyoe kichwa kilichobaki.

Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja, bila kubisha hodi. Nikamweleza kila kitu nimesimama, maana hasira ilinikataza kukaa. Meneja akaweka kalamu chini. Akasema ni kweli, wiki hii amenipigia zaidi ya mara moja, na kila mara amepokea Naam, upesi sana, akasema wazi kwamba yeye ni Naam na si mimi, na kwamba hajui kwa nini simu zangu zinamfikia. Jana jioni lori la inchi nane lilifika kabla ya siku yake. Meneja akanipigia mimi, akapokea Naam, na Naam akatoka nyumbani kwake akaja kulipokea na kulipakua. Jana jioni! Mimi niko kwa Daktari naitazama simu, mwenzangu anapakua lori langu!

Nikadai haki. Nikasema twende kwenye ofisi ya kampuni ya simu, sote watatu, mwizi aumbuliwe mbele ya watu. Meneja akakubali. Naam akakubali vilevile, na haraka, akasema hilo ndilo alilokuwa anataka kuniambia tangu Jumatatu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kesho!

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika, kwa sababu ukweli lazima uhifadhiwe na mtu.

Ofisi yenyewe ina viti vya chuma vilivyounganishwa, ukitikisa mguu wanatikisika watu wanne. Tulikaa Meneja kati, mimi kulia, Naam kushoto. Nilivaa koti. Ilipofika zamu yetu nilimweleza binti wa dirishani, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba nimeleta mwizi wa laini na ninataka afunguliwe mashtaka. Foleni yote ikageuka. Nikamwambia apige namba yangu aone mwenyewe.

Akapiga. Mfukoni mwa Naam ikaita. Naam, kwa mazoea, akapokea na kusema naam, anamsikiliza, na binti yule yuko mbele yake anatazamana naye. Nikawageukia watu wa foleni nikawauliza kama wameona. Wakasema wameona. Mzee mmoja akasema aibu.

Binti akabonyeza mashine yake. Akasoma. Akaniita baba, kwa upole ule wa watu wa madirishani, akasema simu zangu zote zimehamishiwa namba ya huyu bwana, na amri hiyo imetoka kwenye simu yangu mwenyewe siku ya Jumapili. Na kwamba amri yenyewe inakaa kwao, kwenye mtandao, si ndani ya simu, kwa hiyo hata simu ikifutwa yote haiondoki. Akauliza kama nakumbuka kufanya hivyo.

Hapa ndipo hasira iliponiponza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema haiwezekani, kwa sababu Jumapili nilihamisha ya mama mkwe tu!

Meneja akaniuliza, taratibu, kwa nini nilimhamishia Naam simu za mama mkwe wangu. Na mimi, badala ya kusema mkono uliteleza, nikamjibu kwa ukali, kama mtu mwenye haki, kwamba ni ili laini yake iwe na shughuli atakapopigiwa! Niliyasikia maneno yakitoka. Nilitamani kuyarudisha kwa mkono.

Binti alinifafanulia kwamba hata nikifungua jina la nani, mpangilio ule huhamisha simu za kila mtu. Nikamwambia basi simu iandike hivyo kwa herufi kubwa! Akanionyesha. Imeandikwa. Herufi si kubwa kiasi hicho.

Aliondoa amri ile kwa kubonyeza mara moja. Papo hapo simu yangu ikaita, mtetemo, taa na mlio wa mwisho, watu wakaruka. Alikuwa mama mkwe. Akauliza yule karani yuko wapi.

Nje, kwenye ngazi, Meneja alimpa Naam mkono. Akamwambia kwamba mtu anayepokea upesi simu zake na za mwenzake pia, huyo ghala analiweza. Kwa hiyo cheo nilimpa mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Nalala bila kula. Si kwa huzuni, kwa hasira.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe amekuja. Bila taarifa, anachechemea, ana mfuko wa machungwa. Mke wangu alikuwa amemweleza yote. Mke wangu hawezi kuweka siri hata ya saa ya ukutani.

Nilitegemea aning'akie. Hakuning'akia. Aliketi, akanyoosha goti, akasema, mwanangu, ungeniambia tu una shughuli. Akasema hupiga mchana kwa sababu mchana nyumba yake haina mtu, na sauti yangu inamtosha hata nikiwa namwitikia kwa mhm tu. Kisha akaanza kumenya chungwa.

Nikaona aibu. Niliona aibu kweli, mpaka masikio yakawa moto. Nilitaka kusema kitu, nikawa natafuta neno.

Kabla sijalipata, akaniuliza kama ninaweza kumpa namba ya yule kijana Naam, maana alimwahidi kumwelekeza dawa ya kuchua. Nikasimama. Nyumbani kwangu! Machungwa anakula kwangu, namba anataka ya Naam! Nikamwambia majina yote yamefutika. Mke wangu akasema yeye anayo. Tangu lini anayo? Eti baada ya Jumatatu aligusa tena jina langu, akamshukuru Naam kwa kumsikiliza mama, naye akampa namba yake. Nimezungukwa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza ya Msimamizi Naam. Kabla ya chai, amenipigia kuuliza hesabu ya inchi sita. Baada ya chai, amenipigia kuuliza kama mito imefunikwa. Mchana, ndani ya chakula changu, amenipigia kuniambia kwamba hana kinyongo, yaliyopita si ndwele, na kwamba angependa tufanye kazi kama ndugu. Na wakati huo mama mkwe anajaribu kuingia! Mtu huyu ananionea. Angekuwa hana kinyongo asingesema.

Feni amenirudishia. Sasa inanipeperushia karatasi zangu. Ndiyo nia yake.

Lakini mimi si wa kuonewa. Jioni nimeingia tena kwenye mipangilio. Safari hii sihamishi kitu, kuhamisha nimeona hila yake. Kuna mahali pengine panaitwa kuzuia namba. Nimefungua namba aliyonipigia Naam leo, nimezuia. Mama mkwe ataingia, Meneja ataingia, mke ataingia. Naam na mito yake, ng'o! Simu imeniuliza kama nina uhakika. Bado haijanijua.

Jumanne, 12 Machi

Habari kubwa! Leo Meneja ametukusanya tena mlangoni. Ghala limekuwa na kazi nyingi, msimamizi atapewa msaidizi, mwenye meza yake na mshahara wake. Jina limeshachaguliwa. Na Meneja, alipofika hapo, alinitazama mimi. Alinitazama hasa! Mlinzi amenidokeza kwamba Naam mwenyewe ndiye aliyenipigania, akasema kwamba mtu mwenye mipango mingi kiasi kile anahitaji tu kupewa kazi ya kutosha. Sikujua kama ni sifa au tusi, nimelichukua kama sifa.

Meneja akasema mteule atapigiwa simu jioni hii na msimamizi mwenyewe. Akipokea, kazi yake. Asipopokea mpaka ghala kufunguliwa kesho, anapewa mwingine, maana lori halingoji mtu.

Nimejiandaa. Nimeoga. Nimevaa koti, ingawa niko sebuleni. Watoto nimewatuma kwa jirani, mama mkwe nimemwomba kwa heshima asipige mpaka kesho, akakubali, akanitakia heri. Mke wangu ameuliza kama nina hakika sijagusa kitu kwenye mipangilio. Nimemwambia hakuna, na ile ya Naam haihesabiki, kwa sababu nimemzuia kwa mambo ya mito na inchi sita. Hili ni jambo la heri, litapita.

Taa za majirani zimeshawaka. Simu iko mbele yangu, chaji imejaa, sauti mpaka mwisho. Kimya. Naam anajua kabisa ninangoja, na ananichelewesha makusudi. Kesho asubuhi na mapema naenda kumshtaki kwa Meneja.